Viwango vya hiari vya usalama wa kibayolojia shambani ni nini?

Usalama wa kibayolojia shambani ni kuzuia visumbufu na magonjwa yasiingie, yasisambae ndani na yasitoke kwenda kwa jirani. Viwango vyake ni maelezo ya kazi zinazofunga njia hizo. Huitwa vya hiari kwa kuwa hakuna faini kwa asiyevifuata. Mkulima huchagua kinachofaa kwake. Kanada, kwa mfano, ina viwango vya kitaifa vya namna hii vya viazi na nafaka. Sheria hufanya kazi nyingine. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, inayoshughulika na ukaguzi wa mimea na karantini, lakini hakuna mkaguzi atakayesimama kila siku kwenye mpaka wa shamba lako.

Chukua mnyauko bakteria wa migomba, ambao Kagera wengi huuita unyanjano. Uganda ulithibitishwa mwaka 2001, Kagera mwaka 2006. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati huku ndani zikiwa na kahawia, na shina likikatwa hutoa ute wa njano. Hauna dawa ya kunyunyiza. Kwa hiyo kinga ni kufunga njia zake tu: miche, vifaa, wadudu, mifugo.

Vifaa ndivyo vinavyoangusha wengi. Panga lililokata mgomba mgonjwa hubeba bakteria hadi mgomba unaofuata, na panga la kibarua au la mnunuzi wa ndizi huzunguka mashamba mengi. Changanya kikombe 1 cha jiki na vikombe 5 vya maji, uchovye panga kabla ya kuhamia shina lingine. Lioshe udongo na utomvu kwanza, maana uchafu huimaliza nguvu klorini iliyo kwenye jiki. Hapo ndipo wengi hudhani wamesafisha kumbe wamelowesha tu. Changanya upya kila siku. Pasipo jiki, choma bapa motoni mpaka lisishikike kwa mkono. Bora zaidi, weka panga na jembe vya shamba hilo pekee, na anayekuja kukata mkungu atumie vyako.

Wadudu hutua kwenye ua dume, lile linaloning'inia mwisho wa mkungu, na kuacha bakteria kwenye makovu mabichi. Liondoe mara chane ya mwisho inapotokea, kwa kijiti chenye panda, siyo kwa kisu: unakishika kikonyo kwa panda, unazungusha, kinavunjika. Ukichelewa wiki chache, wadudu wameshapita.

Miche ichukuliwe kwenye shamba lisilo na ugonjwa au iwe ya tishu, yaani iliyokuzwa maabara, na uandike ilikotoka. Bila daftari hilo, ugonjwa ukizuka hutajua ni migomba ipi mingine uikague. Mbuzi na ng'ombe wasiachiwe kula majani humo.

Shina likiugua, likate usawa wa ardhi, uache mashina mengine yaliyoota pamoja nalo, kisha kagua kila wiki. Mengine yanaweza kuwa na bakteria bila dalili, hivyo kukata mara moja hakutoshi. Ugonjwa ukienea shamba zima, ng'oa yote, pumzisha ardhi kama miezi 6 kabla ya kupanda migomba tena.

Ugumu mkubwa ni jirani. Ua dume lisilokatwa kwake hulisha wadudu wanaokuja kwako, kwa hiyo kijiji kikubaliane siku moja ya kuyaondoa na kukagua, hata kwenye vibanja ambavyo wenyewe wako mjini.