Siku fupi kuliko zote haina machweo ya mapema kuliko yote
Wengi huamini kwamba tarehe 21 Desemba, siku yenye mchana mfupi kuliko zote katika nusu ya kaskazini ya dunia, ndiyo pia jua huwahi zaidi kuzama na kuchelewa zaidi kuchomoza. Sivyo. Jijini London machweo ya mapema zaidi hutokea tarehe 12 hivi, na macheo ya kuchelewa zaidi husubiri hadi mwisho wa mwezi. Majira hayo, kwa kuwa mhimili wa dunia umeinama na dunia yenyewe, ikiwa karibu zaidi na jua, huenda kasi, kutoka adhuhuri moja ya jua, yaani wakati jua liko juu zaidi angani, hadi nyingine hupita saa 24 na takriban nusu dakika, jambo ambalo saa zetu za ukutani hazilijali; basi kwa saa hizo adhuhuri hiyo, pamoja na macheo na machweo, husukumwa mbele kidogo kila siku. Hivyo nuru ya jioni hurejea kabla ya Krismasi, ilhali ya asubuhi hungoja Januari.