Kontua za droni: namba hiyo ni mita, ni futi, na imeanzia wapi?

Mtendaji wa mtaa mmoja jirani na Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, alituletea ramani ya kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa) iliyotokana na picha za droni. Mistari ilikuwa safi, hata mfereji mdogo nyuma ya gereji ulionekana. Kilichomtisha ni namba: −23, −22, −21. "Kwa hiyo tuko chini ya bahari?" Nilimwambia angekuwa huko asingefika ofisini na viatu vikavu.

Droni yenyewe haikukosea. GPS hupima kimo kuanzia kwenye elipsoidi, yaani umbo laini la kihesabu linalowakilisha dunia. Usawa wa bahari unafuata jioidi, ambayo hupanda na kushuka kwa sababu nguvu ya uvutano hailingani kila mahali. Kwenye pwani yetu jioidi imelala chini ya elipsoidi kwa mita ishirini na kitu, ndiyo maana hata ukisimama mchangani Kigamboni kipimo kinaweza kusoma hasi.

Marekebisho ni hesabu ya mstari mmoja: chukua kimo cha GPS, toa kimo cha jioidi. Watu huteleza hapohapo. Tuseme jioidi mahali hapo ni −27. Basi −22 toa −27 ni 5, kwa kuwa kutoa hasi ni kujumlisha. Nimeshapokea kazi ambayo mtu alipunguza 27 nyingine, bonde likazama hadi −49, na ramani ikachapishwa hivyohivyo. Kimo cha jioidi cha eneo lako kinapatikana bure katika EGM2008, modeli ya jioidi ya dunia nzima, na QGIS, programu ya bure ya ramani, inaweza kukufanyia hesabu hiyo kwenye faili zima la mwinuko, yaani lile lenye kimo cha kila sehemu ambalo kontua huchorwa kutokana nalo.

Kosa la pili ni la futi. Baadhi ya programu za kuchakata picha zina mpangilio wa vipimo vya Kimarekani, na mtu akiuacha ulivyo, mwinuko hutoka kwa futi huku ramani ikiandikwa mita. Ukiona kontua ya 3,690 katikati ya mji wa Dodoma, usishangilie mlima mpya. Zidisha kwa 0.3048 upate takriban 1,125, ambacho ndicho kimo cha kawaida cha mji ule. Kilimanjaro nayo ina sura mbili za namna hiyo: futi 19,340 na mita 5,895 ni kilele kilekile. (Wamarekani walikuwa pia na futi yao ya wapimaji, iliyoachwa rasmi mwishoni mwa 2022. Tofauti yake na futi ya kawaida, hata kwenye kilele hicho, ni kama sentimita moja. Isikunyime usingizi.)

Utajuaje ni kosa lipi? Tafuta alama mbili au tatu za kudumu ambazo vimo vyake vinajulikana, ziwe zimepishana sana kwa kimo, kisha linganisha na namba za ramani. Tofauti ikiwa ileile kila mahali, tatizo ni mahali pa kuanzia kuhesabu. Ukigawanya namba ya ramani kwa kimo halisi ukapata 3.28 kila mara, ni futi. Usipopata jibu kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, huenda makosa yote mawili yamekutana, au kontua zako zinapanda juu ya mapaa na mikorosho badala ya ardhi.

Madhara hayafanani. Tofauti isiyobadilika haigusi mteremko: maji bado yatatiririka upande uleule, ila michoro yako haitaungana na ya mhandisi wa barabara aliyeanzia kwenye alama ya serikali. Futi zikisomwa kama mita, mambo ni mengine. Mteremko wa futi 10 kwa mita 100 ni kama asilimia 3. Mkandarasi atausoma asilimia 10, na kifusi cha kuchimba kitaongezeka zaidi ya mara tatu kwenye karatasi ya bei.

Badilisha faili la mwinuko kwanza, kontua zichorwe baadaye. Ukibadilisha maandishi ya mistari peke yake, kontua zilizochorwa kila futi 5 zitabaki na vimo kama 1.52, 3.05 na 4.57, na hakuna fundi atakayekubali kufanya kazi na namba hizo. Kisha andika pembeni ya ramani: "Vimo kwa mita, juu ya jioidi ya EGM2008." Mtendaji wetu aliyaandika kwa peni, maana ramani ilikuwa imeshachapishwa.