"Nikiweka data zangu wazi, wageni wataniibia"

Mimi ni mkutubi wa chuo. Kila nikimaliza kuwafundisha wahadhiri sayansi huria, yaani kuweka data na makala za utafiti wazi ili wengine wazitumie, mkono wa kwanza kunyooshwa huwa na swali lile lile: "Sasa nikiziweka data zangu wazi, hao wenzetu wa Ulaya si watachapisha kabla yangu?" Wiki iliyopita nimelisikia mara tatu katika chumba kimoja, na mmoja wa waliouliza ana mradi wa miaka minne na vyuo viwili vya nje. Nalijibu hapa kwa kirefu, kwa sababu dhana hii inatukwamisha kuliko hata uhaba wa fedha.

Katika miradi mingi ya ushirikiano ninayoipokea, data zimeshaondoka zamani. Ziliondoka siku madodoso yalipojazwa kwenye simu na majibu yakaingia moja kwa moja kwenye seva ya mshirika, au siku msaidizi wa utafiti alipotuma faili la Excel kwa barua pepe. Swali lililobaki ni nani ana ushahidi kwamba alizikusanya. Aliyezifungia kwenye kompyuta yake hana. Namfahamu mhadhiri aliyeibiwa kompyuta mpakato yenye data za misimu mitatu ya mvua. Ilimbidi amwandikie mshirika wake nje kuomba nakala ya data alizozikusanya mwenyewe shamba kwa shamba, na majibu yalichukua miezi. Hapakuwa na mkataba wa data, wala nakala chuoni.

Data zikiwekwa kwenye hazina ya chuo, yaani hifadhi yake ya mtandaoni, au kwenye Zenodo, hazina inayoendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, zinapata DOI (namba ya kudumu ya utambulisho), tarehe na majina ya waliozikusanya. Anayezitumia chini ya leseni ya CC BY analazimika kukutaja, na asipokutaja, ile tarehe inamsuta. Wala hulazimiki kufungua leo. Weka zuio la muda: maelezo ya data yaonekane, faili libaki limefungwa hadi makala yako itoke.

Siwadharau wanaoogopa. Kwa miongo mingi sampuli za damu zimesafiri kutoka Afrika, na mara nyingi watafiti wa Afrika waliozikusanya hawakuonekana kwenye makala. Mradi wa H3Africa wa utafiti wa jenomu (vinasaba vyote vya mtu), uliofadhiliwa na NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, na Wellcome, shirika la hisani la Uingereza, ulizaliwa katikati ya hofu hiyo. Waliijibu kwa sera. Watafiti wa Afrika walitengewa muda wa kuchapisha kwanza, maombi ya kutumia data yakapitia kwenye kamati, na hifadhi za sampuli zikawekwa Uganda, Nigeria na Afrika Kusini. Kisha mtandao wa H3ABioNet, ulioratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town, ukafundisha watu kuchambua data za jenomu barani humu humu. Hilo la mwisho ndilo ningependa kila mkuu wa idara alisikie. Unatanguliwa kuchapisha pale ambapo uchambuzi anaujua mshirika peke yake, na wewe unajua kukusanya tu. Kwa hiyo kwenye bajeti ya ushirikiano usianze na gari. Anza na mafunzo ya uchambuzi kwa wanafunzi wako wa uzamivu.

Na kabla ya kusaini, andikeni ukurasa mmoja: data zitahifadhiwa wapi kwanza, nani ataongoza makala ya kwanza, zuio ni la miezi mingapi, leseni ipi, nani atafundishwa nini. Nimeurudia ushauri huu hadi sauti imekauka. Mshirika anayekataa kuyaandika hayo, ni heri umjue kabla ya dodoso la kwanza.

Kuna dhana nyingine nne ninazozisikia. "Sayansi huria ni kulipia makala." Watu walisikia mwaka 2020 kwamba jarida la Nature litamtoza mwandishi euro 9,500 kwa makala moja iliyo wazi kwa wote, wakadhani hiyo ndiyo njia yenyewe. Sehemu kubwa ya majarida yaliyo kwenye DOAJ, orodha ya kimataifa ya majarida huria, hayamtozi mwandishi hata senti. SciELO, maktaba ya mtandaoni ya majarida huria iliyoanzia Brazil mwaka 1998, imejengwa kwa fedha za umma. Na kuweka mswada uliokubaliwa kwenye hazina ya chuo ni bure. Soma tu sera ya jarida kwanza.

"Huria maana yake kila kitu hadharani." Hapana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na Mapendekezo ya UNESCO ya 2021 kuhusu sayansi huria yenyewe yanakubali vizuizi kwa ajili ya faragha na maarifa ya jamii za asili. Ila msidhani kufuta majina kunatosha. Kijiji, umri na ugonjwa adimu vikikaa kwenye mstari mmoja, majirani wote wanamjua mgonjwa.

"Tumeletewa seva, tumejengewa uwezo." DSpace, programu ya kuendeshea hazina, ni ya bure tangu 2002. Chenye gharama ni mtu wa kuitunza. Mradi ukiisha, kijana aliyefundishwa akipata kazi kwingine, hazina inazima na viungo vyote vinakufa. Ombeni nafasi kwenye ikama ya chuo kabla ya kuomba mashine.

"Hiyo ni kazi ya maktaba." Sisi wakutubi tunapokea faili na kulitunza. Hatuwezi kujua safu iliyoandikwa "v17b" ina maana gani, kipimo chake ni kilo au gramu, wala kwa nini mahali pengine pameandikwa 99. Andika karatasi ya maelezo siku ile ile unapokusanya, ungali unakumbuka. Ukija na faili bila karatasi hiyo, nitakurudisha ukaiandike.