Je, wajua kwa nini mpango wa nidhamu chanya huanza na walimu kabla ya wanafunzi?

Fikiria mwanafunzi ambaye kila kipindi cha hesabu kikianza, naye huanza vituko. Mara amrushie mwenzake karatasi, mara aimbe chini chini, mara amjibu mwalimu kwa jeuri. Mwalimu anavumilia kidogo, kisha anamtoa nje. Darasa linatulia. Siku ya pili mambo ni yale yale, ya tatu vilevile, hadi daftari la makosa linajaa jina moja na walimu wanakubaliana kwamba mtoto huyu ni sikio la kufa.

Kumbe mtoto amesikia vizuri mno. Hesabu zinamshinda, na amegundua kwamba akifanya vituko kidogo tu, anaepuka aibu ya kuitwa ubaoni mbele ya wenzake. Kwake yeye, kutolewa nje ni nafuu. Na mwalimu je? Naye amepata alichokitaka, yaani utulivu, tena papo hapo. Kila mmoja amevuna kitu kwa alichokifanya, basi kila mmoja atakirudia kesho. Gerald Patterson, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza familia zenye watoto wakorofi, aliueleza mtego wa aina hii baina ya mzazi na mtoto: kila upande humfundisha mwenzake tabia mbaya bila kukusudia.

Wanasaikolojia wa tabia, wanaofuata njia iliyofunguliwa na B. F. Skinner, wana kipimo chao cha adhabu ambacho shule nyingi hazikitumii. Kwao, jambo huitwa adhabu kwa matokeo yake, si kwa nia ya anayelitoa. Ikiwa kosa linazidi baada ya mtoto kutolewa nje, basi kutolewa huko hakukuwa adhabu hata kama kanuni za shule zimeliandika hivyo kwa wino mwekundu. Anayetaka tabia ya mtoto ibadilike hana budi kuangalia kwanza kinachotangulia tabia hiyo na kinachoifuata. Na katika shule, vyote viwili viko mikononi mwa watu wazima: ratiba, mpangilio wa madawati, ugumu wa somo, maneno ya mwalimu, na uamuzi wa kumtoa au kumbakiza.

Mpango uliojengwa juu ya wazo hili hujulikana kwa kifupisho chake cha Kiingereza, PBIS (Positive Behavioral Interventions and Supports). Kwa Kiswahili chepesi tunaweza kuuita nidhamu chanya ya shule nzima. Mizizi yake iko katika miaka ya 1980, wataalamu walipokuwa wakitafuta njia za kiutu za kuwasaidia watu wenye ulemavu mkubwa, ambao tabia zao ngumu zilikuwa zikidhibitiwa kwa mbinu za kuumiza. Mwaka 1997 sheria ya Marekani kuhusu elimu ya watoto wenye ulemavu iliporekebishwa, ilitaja msaada chanya wa tabia waziwazi, na kituo cha kitaifa cha kuzisaidia shule kikaanzishwa. George Sugai na Rob Horner wa Chuo Kikuu cha Oregon walikuwa miongoni mwa waliokiongoza. Kwa nini shule nzima, na si mtoto mmoja mmoja? Kwa sababu mpango mzuri wa mtoto mmoja haudumu katika jengo ambalo kila mlango una sheria yake. Akitoka kwa mwalimu mpole akaingia kwa mwalimu mkali, kisha akakutana na fujo za korido, kazi yote ya asubuhi imepotea. Leo zaidi ya shule 25,000 za Marekani zinatumia mpango huu kwa viwango mbalimbali, na mifano yake ipo Norway, Uholanzi na Australia.

Kikao kabla ya kampeni

Shule inayotaka kuanza haiambiwi ichapishe mabango. Inaambiwa kwanza iwaulize wafanyakazi wake kama wanakubali. Kiwango kinachopendekezwa mara nyingi ni angalau asilimia 80 ya wafanyakazi, na hesabu hiyo ina maana: walimu wachache tu wakiendelea na utaratibu wao wa zamani, wanafunzi watajua haraka ni kwa nani kanuni zina nguvu na kwa nani hazina. Kisha huundwa kamati ndogo. Mwalimu mkuu au msaidizi wake lazima awemo, maana kamati isiyoweza kubadilisha ratiba wala kutenga muda wa mafunzo hubaki ya kupiga soga. Wanakutana angalau mara moja kwa mwezi.

Kisha huja kazi ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote, ingawa haipendezi hata kidogo: kukubaliana juu ya maana ya makosa. Utovu wa heshima ni nini hasa? Kwa mwalimu mmoja ni kumtukana mtu. Kwa mwingine ni kuchelewa kuitika. Kwa wa tatu ni ule mtazamo wa jicho la pembeni. Ni kosa gani litamalizwa na mwalimu darasani, na lipi litapelekwa ofisini? Bila makubaliano hayo, daftari la makosa huwa linapima hulka za walimu zaidi ya mienendo ya wanafunzi. Walimu wawili wakimpokea mtoto yuleyule, mmoja anaweza kumwandika kila siku na mwingine asimwandike muhula mzima.

Baada ya hapo ndipo yanapochaguliwa matarajio matatu hadi matano ya shule nzima, yakiandikwa kwa namna ya kueleza la kufanya badala ya kukataza. Heshima, usalama na uwajibikaji hutokea mara nyingi. Maneno hayo peke yake ni mapambo. Nguvu yake huja yanapowekwa kwenye jedwali: upande mmoja matarajio, upande mwingine mahali, yaani darasani, koridoni, uwanjani, chooni, kwenye bwalo la chakula, ndani ya basi. Kila kisanduku kinasema jambo linaloonekana kwa macho. Usalama koridoni ni kutembea upande wa kulia. Heshima bwalo la chakula ni kungoja zamu kwenye foleni. Uwajibikaji chooni ni kufunga bomba na kurudi darasani moja kwa moja.

Jedwali hilo halibandikwi tu ukutani. Hufundishwa kama somo. Darasa linakwenda mahali penyewe, mwalimu anaonyesha namna sahihi na namna isiyo sahihi, wanafunzi wanajaribu, anawasahihisha. Kuna wanaoona huku ni kupoteza muda na wanafunzi wakubwa, eti wanajua tayari. Wanajua, ndiyo, kwamba hawapaswi kusukumana. Ambacho wengi hawakijui ni nini kifanyike pale watu mia mbili wanapotoka kwa pamoja kwenye mlango mmoja.

Sifa nazo zina ufundi wake. "Hongera, mtoto mzuri" haimfundishi mtu kitu. "Asante kwa kumpisha mwenzako aingie kwanza" inamwambia hasa alichofanya, naye anaweza kukirudia. Miongozo mingi hupendekeza mwalimu atamke maneno manne au matano ya kutambua jema kwa kila neno moja la kukosoa. Nisingeichukua hesabu hiyo kama amri, lakini mwalimu akirekodiwa kwa nusu saa na kuhesabiwa, mara nyingi yeye mwenyewe hushangaa jinsi mizani ilivyolalia upande mmoja.

Themanini, kumi na tano, tano

Mpango una ngazi tatu. Ya kwanza ni ya kila mtu, na hukadiriwa kwamba katika shule inayoitekeleza vizuri, wanafunzi wapatao asilimia 80 hawahitaji zaidi ya hapo. Asilimia 15 hivi huhitaji msaada wa ziada, na asilimia 5 huhitaji mpango wa mtu binafsi. Takwimu hizi ni makadirio ya kupangia kazi. Shule ikikuta nusu ya wanafunzi wake wanahitaji ngazi ya pili, maana yake si kwamba imepata watoto wabaya. Ngazi ya kwanza haijafanya kazi.

Katika ngazi ya pili mbinu mashuhuri ni ya kupokea na kuaga. Asubuhi mwanafunzi anapita kwa mtu mzima mmoja, anasalimiwa kwa jina, anakabidhiwa kadi yenye matarajio yaleyale ya shule. Kila kipindi kikiisha mwalimu anampa alama na kumwambia kwa sentensi moja kilichokwenda vizuri na kilichoharibika. Jioni anarudi kwa mtu yuleyule, wanajumlisha, kadi inakwenda nyumbani ikasainiwe. Lengo la kawaida ni kupata asilimia 80 ya alama zote. Ni jambo dogo na la bei nafuu. Lakini halimfai kila mtu. Humsaidia zaidi mtoto ambaye vituko vyake vinatafuta kuangaliwa na watu wazima, kwa sababu sasa anaangaliwa bila kulazimika kuvunja kitu. Yule wetu wa kipindi cha hesabu, anayekimbia somo, atahitaji pia kufundishwa hesabu na kupewa njia inayokubalika ya kuomba msaada au mapumziko mafupi. Ukimpa kadi tu, atakuwa mtoro mwenye kadi.

Ngazi ya tatu huanza kwa uchunguzi: tabia hutokea lini, wapi, mbele ya nani, na mtoto anapata au anaepuka nini. Baada ya hapo anafundishwa tabia mbadala itakayompatia kitu kilekile kwa njia isiyodhuru, na familia yake huhusishwa.

Pamoja na yote hayo, kamati huangalia takwimu zake kwa maswali matano: makosa mangapi kwa siku, ya aina gani, wapi, saa ngapi, na ya nani. Shule nyingi zimezoea swali la mwisho tu. Ukianza na mahali na saa, mara nyingi utakuta rundo la ugomvi limekaa sehemu moja, tuseme kwenye ngazi za kupandia ghorofani, dakika chache baada ya kengele ya mapumziko. Hapo huhitaji kuita wazazi ishirini. Unaweza kuruhusu madarasa yatoke kwa zamu, na kumweka mwalimu anayezunguka, anayetazama pande zote na kuzungumza na wanafunzi, badala ya yule anayesimama kona moja na simu yake.

Je, inafanya kazi?

Jaribio linalotajwa sana lilifanyika katika jimbo la Maryland, likiongozwa na Catherine Bradshaw na wenzake. Shule za msingi 37 ziligawanywa kwa bahati nasibu: 21 zikapewa mafunzo ya mpango, 16 zikaendelea kama kawaida. Zile zilizopewa mafunzo ziliona upungufu wa wanafunzi waliosimamishwa masomo na waliopelekwa ofisini. Kuhusu alama za mitihani, anayetarajia muujiza atavunjika moyo. Saa za darasani zinazookolewa hazileti matokeo zenyewe. Lazima zijazwe na ufundishaji mzuri.

Pingamizi la kwanza ni la zawadi, kama tiketi ambazo shule nyingi humpa mwanafunzi anapofanya jema. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachunguza watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti wakichora walikuja kupunguza kuchora baadaye, walipoachwa wachague wenyewe la kufanya. Walioshtukizwa na cheti bila kuahidiwa hawakupunguza. Watetezi wa mpango hujibu kwamba kadi na tiketi ni njia ya kumkumbusha mwalimu aone jema, na kwamba zawadi hizo zinatakiwa kupungua kadiri tabia inavyozoeleka. Jibu hilo ni sahihi pale linapofuatwa. Shule ambayo mpango wake wote umegeuka kuwa duka la kubadilisha tiketi kwa peremende imechukua kipande kilicho rahisi na kuacha kikao cha walimu, jedwali na takwimu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Nchini Marekani wanafunzi weusi wamekuwa wakiadhibiwa kuliko wenzao kwa muda mrefu. Russell Skiba na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2002, walikuta kwamba wanafunzi weupe walipelekwa ofisini zaidi kwa makosa yanayothibitika, kama kuvuta sigara au kuharibu mali, na weusi kwa makosa yanayotegemea hisia za mwalimu, kama dharau au kelele kupita kiasi. Mpango unaweza kushusha idadi yote ya makosa na pengo hilo likabaki palepale. Ndiyo maana miongozo ya sasa inaitaka kamati igawanye takwimu zake kwa makundi ya wanafunzi, na ndiyo maana kile kikao kigumu cha maana ya utovu wa heshima hakiwezi kurukwa.

Utekelezaji kamili huchukua miaka, si muhula. Shule hujipima kwa fomu maalumu, ambapo asilimia 70 ya vipengele huhesabiwa kuwa kiwango cha chini cha kusema mpango upo. Mpango unaouawa zaidi na uhamisho ni ule uliobebwa na mwalimu mkuu mmoja mwenye bidii: akiondoka, kamati inaacha kukutana, na mwaka unaofuata jedwali ni karatasi ukutani. Shule ambazo mpango wake hudumu huwafundisha walimu wapya kabla hawajashika darasa, na hurudia masomo ya korido na bwalo la chakula wiki ya kwanza baada ya kila likizo ndefu, kabla daftari la makosa halijaanza kujaa upya.