Sarafu ya Kila Nchi: Yanayoaminiwa na Yalivyo

Mtu akishajaza kikopo kwa sarafu za Kenya, Uganda, Rwanda, Oman, na ile euro aliyorudi nayo shangazi kutoka Ujerumani, wazo humjia lenyewe: kwa nini nisitafute moja ya kila nchi? Wazo ni zuri na halihitaji fedha nyingi. Tabu ni imani zinazolizunguka, ambazo humfanya mtu ahesabu yasiyohesabika na kuyaruka yanayohesabika. Hizi ndizo ninazozisikia zaidi.

Dhana: "Nchi ziko 195, kwa hiyo natafuta sarafu 195."

Hesabu hiyo ni ya Umoja wa Mataifa: wanachama 193, pamoja na waangalizi wawili, Vatikani na Palestina. Orodha hiyo iliwekwa kwa mambo ya diplomasia, si kwa ajili ya mkusanyaji. Visiwa vya Marshall na Nauru ni wanachama kamili, lakini ukienda dukani huko unalipa kwa dola ya Marekani au ya Australia. Palestina ya leo haina sarafu yake. Zile zenye maandishi ya Kiarabu, Kiingereza na Kiebrania ni za enzi ya Mwingereza, kuanzia 1927. Taiwan nayo haimo Umoja wa Mataifa tangu 1971, na sarafu zake zinanunua chai kila siku.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Zanzibar iliingia Umoja wa Mataifa tarehe 16 Desemba 1963, siku moja na Kenya. Mapinduzi yakaja 12 Januari 1964, na Muungano 26 Aprili. Katika miezi hiyo michache Zanzibar ilikuwa nchi kamili yenye kiti chake New York, lakini haikuwa na hata senti moja iliyoandikwa jina lake. Watu walikuwa wakitumia shilingi ya Afrika Mashariki, kama walivyofanya tangu 1936 ilipoachwa rupia. Ukirudi hadi 1882, Umoja wa Mataifa haujafikiriwa hata na waliouanzisha, unakutana na pesa ya shaba ya Sultani Barghash, iliyotolewa kwa wingi na ambayo bado inapatikana. Anayefuata orodha ya leo ya New York atalazimika kuiacha Zanzibar nje, ilhali sarafu yake anayo mkononi.

Tanganyika ina kisa chake. Uhuru ulipatikana 9 Desemba 1961, na hadi inaungana na Zanzibar haikutoa sarafu hata moja. Za kwanza za Tanzania ni za 1966: senti tano yenye samaki, senti ishirini yenye mbuni, senti hamsini yenye sungura, shilingi yenye mwenge, na Mwalimu Nyerere upande wa pili. Anayetaka Tanganyika kwenye albamu yake itabidi aamue mwenyewe. Mimi ningeweka senti hamsini ya Afrika Mashariki ya 1962, ile yenye Malkia Elizabeth, kwa sababu Tanganyika ilikuwa huru lakini Malkia alibaki mkuu wa nchi hadi Jamhuri ilipotangazwa Desemba mwaka huo. Mwingine ataacha nafasi tupu na kuandika maelezo chini yake. Yote mawili ni sahihi, alimradi usibadilishe msimamo ukifika kwenye nchi nyingine isiyo na sarafu yake, kama Burkina Faso.

Dhana: "Sarafu hutolewa na nchi."

Hapa ndipo mkanganyiko wote unapoanzia. Sarafu hutolewa na yule mwenye mamlaka ya kuitoa, na mara nyingi huyo si nchi. Sarafu za 1888 zilizoandikwa "Mombasa" zilitolewa na kampuni ya Waingereza iliyopewa hati ya kutawala. Pesa za shaba za 1890 za upande wa Wajerumani ni za kampuni pia. Kuanzia mwishoni mwa 1919 mambo yalishikwa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyokuwa London, na sarafu zake hazitaji Kenya, Uganda wala Tanganyika. Zimeandikwa "East Africa" basi. Kuna hata za 1964, senti tano na senti kumi zenye tundu katikati, zisizo na jina la mfalme wala malkia yeyote, wakati nchi zote hizo zimekwisha kuwa huru. Jirani zetu nao wana faranga moja yenye simba iliyoandikwa Rwanda na Burundi kwa pamoja, na mwaka wa 1964 juu yake, ilhali nchi hizo zilitengana zilipopata uhuru 1 Julai 1962.

Jambo hili liko hai hadi leo. Faranga ya CFA ya Afrika Magharibi inatolewa na benki kuu moja kwa nchi nane, na sarafu haikuambii kama ni ya Senegal au ya Niger. Ukitaka moja ya kila nchi katika nane hizo, unarudi nyuma. Mali iliwahi kuwa na faranga zake, kuanzia 1962, na Guinea-Bissau ilikuwa na peso. Burkina Faso ndiyo inayowasumbua watu, hapo hakuna njia ya mkato.

Ndiyo maana wakusanyaji wengi wazoefu huacha kuuliza "hii ni nchi?" na kuuliza "nani aliitoa, na ilizunguka wapi?" Swali la pili lina jibu.

Dhana: "Kama nchi haitambuliwi, sarafu yake ni mchezo."

Nenda kamwambie hivyo mtu wa Lubumbashi. Katanga, jimbo la Kongo, ilijitangazia uhuru 11 Julai 1960, haikutambuliwa na nchi yoyote, na ikafikia mwisho Januari 1963. Katikati hapo, 1961, ilitoa sarafu za faranga moja na faranga tano: upande mmoja kichane cha ndizi, upande mwingine msalaba wa shaba wa Katanga, ule ambao wenyeji wa ukanda huo waliutumia kama fedha karne nyingi kabla ya Mbelgiji kufika. Hiyo ni sarafu kwelikweli. Biafra, iliyojitenga na Nigeria, ilitoa zake za alumini 1969 vita vikiendelea. Transnistria, kule kati ya Moldova na Ukraine, ilitoa sarafu za plastiki mwaka 2014, kila thamani na umbo lake, na watu wakawa wanalipa kwa hizo.

Upande wa pili kuna Sealand, mnara wa kijeshi uliotelekezwa baharini nje ya Uingereza, ambako familia moja ilijitangazia ufalme na kuanza kutengeneza dola zake. Hakuna aliyewahi kununua nyanya kwa dola hizo. Kuzikusanya si kosa, ila mimi siziweki ukurasa mmoja na Katanga.

Dhana: "Jina la nchi limeandikwa, basi ni ya nchi hiyo."

Hapa ndipo fedha za wageni wa mchezo huu zinapopotelea. Mwaka 2004 zilitoka sarafu za rangi zenye umbo la gitaa, zimeandikwa Somalia. Mogadishu wakati huo haikuwa na serikali yenye nguvu ya kukusanya kodi, seuze kuchonga magitaa. Niue, kisiwa cha Pasifiki chenye watu wasiozidi elfu mbili, kina sarafu zenye wahusika wa sinema kutoka Hollywood. Biashara yenyewe ni rahisi kuielewa: kiwanda cha Ulaya au kwingineko huomba ruhusa ya kutumia jina, nchi hulipwa, na sarafu huuzwa moja kwa moja kwa wakusanyaji bila kupita sokoni. Kisheria ni sarafu halali. Kwa lengo la "sarafu ya kila nchi" zinampa mtu alama ya tiki na hakuna kingine. Kanuni ninayoipendekeza: kama nchi ina sarafu iliyozunguka, weka hiyo, kama haina kabisa, kama Palau, chukua ya wakusanyaji na uandike wazi kwamba ndivyo ilivyo.

Dhana: "Mwaka unaosomeka ndio mwaka wa sarafu."

Irudie ile pesa ya Barghash na uiweke chini ya taa. Upande mmoja jina la Sultani kwa Kiarabu, upande mwingine mizani, na mwaka ١٢٩٩. Wapo wanaoiuza kwa watalii wakisema ina zaidi ya miaka mia saba. 1299 ni mwaka wa Hijria, sawa na 1882. Sarafu za Ethiopia zilizoandikwa 1969 kwa kalenda yao zilitengenezwa kuanzia mwaka 1977 hivi wa kalenda yetu, na Thailand inaandika 2567 bila wasiwasi wowote kwa mwaka ambao sisi tuliuita 2024.

Bingwa wa kudanganya macho ni ile riale ya fedha ya Maria Theresa, iliyotumika Ethiopia, Uarabuni na pwani yetu katika enzi ya masultani. Inasema 1780, mwaka alioaga dunia malkia huyo wa Austria. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu walizoea sura hiyo hasa wakakataa nyingine, kwa hiyo Vienna ikaendelea kuipiga kwa tarehe ileile, na viwanda vya London, Roma na Bombay navyo vikaipiga wakati wake ulipofika. Vienna inaitengeneza hadi leo. Kwa hiyo "1780" uliyoikuta huenda ina umri mdogo kuliko simu yako.

Dhana: "Sarafu ya Mjerumani inauzwa mamilioni."

Uvumi huu haufi. Heller moja za shaba za Afrika Mashariki ya Kijerumani zilitolewa kwa mamilioni, na nyingi zilizobaki zimechakaa. Bei yake ni ya kawaida kabisa. Vivyo hivyo senti tano na senti kumi za 1936 zenye jina la Mfalme Edward wa Nane. Huyu alitawala chini ya mwaka mmoja akajiuzulu Desemba, na sarafu za Uingereza zenye sura yake hazikuingia mtaani. Zetu, kwa kuwa zina tundu na hazihitaji sura, ziliingia. Historia yake ni adimu, yenyewe si adimu, na kwa anayeanza ni ununuzi mzuri sana.

Yenye thamani kubwa kweli ni ya Tabora, 1916. Wajerumani walikuwa wamezibiwa njia ya bahari na fedha zimekwisha, wakageuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha sarafu. Walitoa rupia kumi na tano za dhahabu zenye tembo, kiasi cha elfu kumi na sita tu. Kwa sababu hiyo hiyo za bandia zimejaa, na anayekuletea moja mlangoni kwa bei ya kutupa anajua kwa nini ameishusha hivyo.

Na yoyote utakayoipata, usiisugue kwa ndimu wala majivu. Inang'aa jioni hiyo, na thamani yake imeondoka na ule weusi.

Dhana: "Siku moja orodha itakamilika."

Sudan Kusini ilizaliwa Julai 2011 na kutoa sarafu zake za kwanza Julai 2015, kwa hiyo kwa miaka minne hakuna aliyeweza kuikamilisha, hata awe tajiri namna gani. Kenya haikubadilika, lakini sarafu zake zimebadilika: kuanzia Desemba 2018 marais wametoka, kwa kuwa Katiba ya 2010 inakataza sura ya mtu yeyote, na wameingia twiga, kifaru, simba na tembo. Je, moja ya Kenyatta inatosha? Inatosha, ukitaka itoshe.

Euro nayo si moja kama inavyodhaniwa. Upande mmoja ni wa wote, wa pili ni wa nchi: tai wa Ujerumani, kinubi cha Ireland, Mozart wa Austria kwenye euro moja. Montenegro na Kosovo zinaitumia bila kuwa na upande wao. Kroatia iliingia 2023, na Bulgaria 1 Januari 2026, ikaleta mpanda farasi wa Madara kwenye senti zake. Waliokuwa wameifunga Bulgaria kwa stotinka moja, senti yake ya zamani, wako tena sokoni wanamtafuta.