Mashine kusoma sifuri hakuthibitishi kuwa rimu ni nzima

Jumamosi iliyopita kaka mmoja alinifikia na Toyota IST yake, amechoka kabisa. Alikuwa amenunua rimu nne za spoti (za aloi) za mtumba, inchi 15, pamoja na matairi yake. Kabla ya kulipa alitaka zipigwe balansi, yaani zisawazishwe uzito kwenye mashine, mbele ya macho yake, zikapigwa. Mpaka picha anayo kwenye simu: kioo cha mashine, sifuri ndani, sifuri nje. Akatoa hela. Alipovuka Kibaha na gari ikashika 85, usukani ukaanza kumcheza mikononi mpaka saa ya mkononi ikawa inagongagonga. Tangu siku hiyo ameshapiga balansi mara tatu kwa mafundi watatu tofauti, na mara zote tatu mashine imesoma sifuri.

"Sasa fundi, hii itakuwa bolijointi," akaniambia, "maana rimu tumeshazihakikisha."

Hamjazihakikisha, kaka. Mmezipima uzito tu. Na neno hili nimelisikia kwa wateja wengi mno, wengine wameshabadilisha bushi, tairodi na bolijointi (viungio vya usukani na magurudumu) zilizokuwa nzima, kwa sababu tu mtu aliwaonyesha sifuri mbili kwenye kioo.

Nilipandisha gurudumu la mbele kushoto kwenye mashine, nikaegemeza bisibisi ndefu kwenye fremu, ncha yake ikikaribia ukingo wa ndani wa rimu bila kuugusa. Nikalizungusha taratibu kwa mkono. Upenyo ukafunguka, ukafunguka, halafu ukafunga mpaka bisibisi ikakwaruza. Kama milimita 3 hivi. Nikamwambia azungushe mwenyewe. Alizungusha mara nne hakusema kitu.

Mashine ya balansi inauliza swali moja: uzito umeelemea wapi? Inakujibu kwa gramu, unagongelea au unabandika risasi (vile vipande vidogo vya uzito) upande wa pili, basi. Haiulizi kama gurudumu ni duara. Ukiiwekea gurudumu lenye umbo la yai itakutafutia risasi za kulisawazisha yai hilo, na itasoma sifuri bila shida yoyote, kwa sababu kwa uzito yai limeshasawazika. Barabarani ndiyo habari nyingine. Kila mzunguko yai linanyanyua gari na kulishusha, au kama rimu imepinda kwa ubavu, linayumba kushoto na kulia kama mtu aliyeteguka kifundo. Hakuna gramu za risasi zinazoondoa hilo.

Kwa hiyo ukienda kununua, namba ya mwisho isikushughulishe. Mwambie fundi ang'oe risasi zote za zamani na asome mara ya kwanza kabla hajabandika kitu. Hiyo ndiyo namba yenye habari. Rimu ya inchi 15 yenye tairi zuri ikidai gramu 10, 20, hata 35 kwa upande, mimi silalamiki. Ikidai 80 au 100, nataka kujua kwa nini. Na risasi zenyewe za zamani zinasema mengi kabla hazijang'olewa: ukikuta zimebandikwa pande mbili zinazotazamana, mtu alikuwa anabahatisha, ukikuta mstari mrefu umejazana sehemu moja, mtu alikuwa anapambana na rimu iliyopinda au tairi bovu. Angalia pia matope makavu na lami iliyoganda ndani ya rimu, maana hivyo navyo vina uzito, vinadanganya pande zote mbili.

Kipimo kimoja ninachokidai kila siku ni hiki. Ikishasoma, fungua gurudumu, ligeuze nusu mzunguko kwenye shafti ya mashine, funga upya, soma tena. Kama sehemu nzito imehama, basi halikukaa katikati, au koni ya mashine inayolishika imelika, au tundu la katikati la rimu lina kutu. Sifuri ya gurudumu lililofungwa upande si sifuri ya kitu chochote. Inachukua dakika moja, lakini mafundi wengi hawapendi kuulizwa, na wauzaji hawapendi zaidi.

Halafu mnisamehe, lakini kujaribu gari pale mtaani hakukuambii lolote. Nguvu ya uzito ulioelemea inapanda kwa mraba wa mwendo. Gramu 50 kwenye ukingo wa rimu ya inchi 15, ukiwa kwenye 50, zinavuta kama kilo 2 hivi. Kwenye 100 zinavuta karibu kilo 7 na nusu, kama mara 14 kila sekunde. Ndiyo maana winga (dalali) atakuzungusha mitaa mitatu ya Kariakoo kwa 20, kila kitu kimetulia, na wewe utarudi kutoka Chalinze unalia. Ukiona gari inatetemeka hata kwenye 30, hapo usifikirie balansi kabisa. Fikiria rimu iliyopinda vibaya au tairi lililoachana nyuzi ndani. Na likitetemeka ukikanyaga breki tu, angalia diski.

Kama hakuna mashine, rimu tupu ilaze kwenye sakafu ya vigae au kioo kinene, ukingo wa ndani uwe chini. Wa ndani, si wa nje. Wa nje umeshikwa na spoku (mikono ya rimu), tena muuzaji ameshaupiga rangi. Wa ndani uko mbali na spoku na ndio unaopokea shimo. Bonyeza huku na huku. Ikicheza kama meza yenye mguu mfupi, achana nayo. Kama tairi liko juu yake, ipandishe gari kwenye jeki na stendi, magurudumu mengine yawekewe vigingi, ufunge gurudumu unalolichunguza upande usiovutwa na injini, halafu tumia bisibisi kama nilivyofanya. Mimi kwa rimu ya spoti nakubali mpaka karibu milimita 1. Ya chuma ikizidi kidogo inanyooshwa vizuri tu. Ya spoti inanyooshwa pia, lakini ikigongwa bila utaalamu inapasuka, na mpasuko wake unaanza kama unywele.

Mpasuko utafute ndani ya pipa la rimu, kwa kucha na kwa maji ya sabuni. Mshono wa kuchomelea ukifunikwa na rangi mpya ya fedha huonekana kama kovu lililonenepa. Na ukikuta tairi la tyublesi lina tyubu ndani, simama hapo hapo, uliza. Mara nyingi tyubu imewekwa kwa sababu rimu inavuja, na inavuja kwa sababu imepasuka.

Sasa kuna jambo linaloniudhi kuliko yote, maana hata mafundi wenzangu wanalipuuza: tundu la katikati. Watu wanahesabu stadi (boliti za kufungia gurudumu), wanapima kipenyo cha mduara wake kwa milimita, 4 kwa 100, 5 kwa 114.3, zikiingia wanasema imekubali. Habu, kile kitovu cha gari kinachoingia kwenye tundu hilo, za Toyota nyingi ndogo ni milimita 54.1, za Harrier na RAV4 ni 60.1, Honda nyingi 64.1, Nissan nyingi 66.1. Ukichukua rimu ya Nissan yenye 5 kwa 114.3 ukaifunga kwenye Harrier, stadi zinaingia vizuri kabisa, lakini tundu ni kubwa kuliko habu kwa milimita 6. Rimu haijakalia habu, imening'inia kwenye nati. Mashine haiwezi kukuonyesha hilo, kwa sababu yenyewe inaishika rimu kwa koni kwenye tundu, katikati kabisa. Ndiyo maana sifuri inakuwa ya mashine, si ya gari lako.

Na nati nazo. Rimu nyingi za asili za Toyota, zile za spoti, zinataka nati ndefu zenye washa bapa. Za chuma na nyingi za dukani zinataka nati za koni. Mtu ananunua rimu, anabaki na nati zake za zamani, anakaza koni kwenye kiti cha bapa, halafu anashangaa gurudumu halitulii. Si kutetemeka tu, gurudumu linaweza kulegea njiani. Nunua rimu pamoja na nati zake, au chukua moja uilinganishe na shimo lenyewe.

Kuhusu zile pete za plastiki za kujaza tundu, nitasema ninavyojua. Nimewahi kuziweka tetemeko likaisha siku hiyo hiyo. Nimewahi kuziweka lisibadilike hata kidogo. Nati za koni zikikazwa kwa mpangilio wa nyota gari likiwa bado juu ya jeki, rimu nyingi zinajikalisha katikati vizuri bila pete. Kwa hiyo anayesema lazima na anayesema ni ujinga, wote wawili wameona nusu. Kwangu ni kitu cha bei ndogo, naziweka. Lakini tundu lililokuwa dogo likapanuliwa kwa grainda sigusi, hata ukinipa bure.

Na tairi ndilo linalonishinda bado. Nundu ubavuni naiona, mapengo kwenye kashata (meno ya tairi) naona, zile tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa nazisoma, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nyuzi zilizokatika ndani zisizosukuma chochote nje sizioni, na mashine za kawaida hazizioni, kwa sababu zinazungusha gurudumu hewani bila kulikandamiza kama gari linavyolikandamiza. Mwaka jana nilimpitishia mama mmoja seti nzima, rimu duara, gramu chache, nikamwambia achukue. Likaendelea kutetemeka. Niliyahamisha magurudumu moja moja, mbele kwenda nyuma, mpaka tetemeko likatoka kwenye usukani likaingia kwenye kiti, ndipo nikalijua tairi lenye kosa. Ilinichukua mchana mzima na sikumtoza.

Yule kaka wa IST rimu yake ya kushoto nimeitoa. Tatu zilizobaki zinazunguka vizuri, gramu 15, 20 na 30, na tundu la kila moja ni 54.1. Anatafuta moja ya kufanana nazo, na safari hii ameniomba bisibisi aende nayo.