Shughuli za watu ndiyo shule ya mtunzi

Wiki hii kijana mwingine kanitumia beti zake, na chini yake swali lile lile: "Mwalimu, nihamie Dar lini? Hapa nyumbani shughuli za watu hazinipi nafasi ya kuandika." Nimelijibu swali hili hadi nimechoka.

Mimi natunga na kuhariri mashairi hapa Tanga, na ni katibu wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Sijawahi kuziona hizo kuwa kazi mbili.

Historia nitaipitia haraka. Shaaban Robert alizaliwa 1909 Vibambani, si mbali na hapa. Miaka mingi ya maisha yake alikuwa karani wa serikali mwenye familia ya kulisha, na tenzi zake mbili mashuhuri aliwatungia wanawe, mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Kabla yake, 1858, Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi huku akiugua. Tenzi hizo zote zilianza kama maneno ya mzazi kwa mwanawe.

Kinachonikera hasa ni kauli kwamba shairi la harusi ni la kuombwa tu, si fasihi. Anayesema hivyo hajawahi kulitunga. Msomaji wa kitabu akikwama hurudi nyuma akasoma tena. Ukumbini shairi linasikika mara moja, katikati ya vigelegele na watoto wanaokimbizana. Neno likiwa bovu, wazee wanalidaka hapo hapo.

Mwaka jana niliombwa shairi la binti wa jirani. Nikaanza: "Nyota yetu yatutoka, kwaheri ewe mwanetu." Mizani, yaani silabi, kumi na sita, imetulia. Jioni nikamsomea shangazi yangu akichambua mchele. Akasimamisha mkono juu ya ungo. "Mwanangu, kututoka ni neno la msibani. Unamwoza mtoto wa watu au unamzika?"

Alikuwa sahihi kabisa. Nikaandika: "Nyota yetu yaolewa, hongera ewe mwanetu." Lakini kina cha kati, silabi inayofunga nusu ya kwanza ya mshororo, kilikuwa "ka", sasa kimekuwa "wa", kwa hiyo mishororo mitatu iliyobaki ikavunjika yote. Nilikesha naijenga upya. Ningekuwa nimejifungia chumbani mji wa mbali, lile kosa lingepita, maana mizani na vina vilikuwa sawa. Neno lina harufu ya mahali linakotumika, na harufu hiyo huijui mpaka ukae matangani, ukae kwenye kamati, uwasikilize wanaolitumia.

Hamia Dar kwa ajira ukitaka, sina neno. Ila usiseme unaifuata lugha.

Lipo jambo moja linalonisumbua, na walimu wenzangu hawapendi kulitaja. Ukiishi na watu, kalamu inaona haya. Yapo mambo ya mtaani ninayoyajua vizuri kuliko mtu yeyote anayeandika, na siyaandiki, kwa sababu asubuhi nitapishana na wenyewe tukasalimiana. Siku nyingine naona hiyo ni adabu. Siku nyingine naona ni woga, na usingizi hauji.

Shairi la ule mgogoro wa kiwanja nyuma ya msikiti liko daftarini tangu mwaka juzi, beti saba. Pande zote mbili nimebeba nazo jeneza. Kituo chake, mshororo wa kufungia, bado sijakiandika.